Kipilefti cha Swindon

Nimeiweka simu iseme Kiswahili kwa ajili yake,
mama mkwe, Bi Mgeni,
aliyeshuka Heathrow alfajiri
na begi la kilo ishirini na tatu,
karafuu zimefichwa ndani ya soksi,
akakaa kiti cha nyuma kama aliyekodi teksi.

"Baada ya mita mia nane, shika kushoto."
"Haya mwanangu," akaitika, "tumekusikia."

Kwenye barabara kuu simu haikuwa na la kusema.
Yeye alikuwa nalo:
mvua gani hii isiyo na sauti,
ng'ombe wa huku wanalala chini mchana kweupe,
na wewe Haji umekonda, Raya hapiki?
Nikasema anapika.
Kweli anapika.
Sikusema mara ya mwisho nilikula lini.

Tulipoingia mjini simu ikaanza kusoma majina
kwa irabu zetu, herufi kwa herufi:
Dro-ve Ro-adi. Kwe-ensi Dri-ve.
Kama mtoto wa darasa la pili anayeogopa fimbo.
Bi Mgeni alicheka hadi mtandio ukamdondoka.
"Huyu wa kwetu kabisa. Hamezi herufi."

Halafu kipilefti.

Kwetu neno hili tulilimeza zamani,
hakuna anayekumbuka kwamba tumboni mwake
imo amri ya Kiingereza: shika kushoto.
Kwa amri hiyo moja nilipata leseni,
kwa amri hiyo nimeendesha miaka kumi na tisa.
Lakini hiki cha Swindon ni vipilefti vitano
vimekizunguka cha sita, kama vifaranga na mama,
na cha katikati magari yanakizunguka kinyume.
Kinyume kabisa, na hakuna anayeshangaa.

"Toka njia ya tatu," simu ikasema.
Ya tatu kuanzia wapi?
Nikazunguka.
"Inatafuta njia."
Nikazunguka tena. Gari la mkate likanipigia honi,
fupi, ya adabu, mbaya kuliko tusi.
"Inatafuta njia."
Duka la matairi lilitupita mara tatu,
mara ya tatu kijana wa mlangoni akatupungia mkono.

Nyuma yangu kicheko kilikuwa kimekwisha.
"Haji."
"Naam, mama."
"Huku si ndiko kwako?"

Waipa inafuta, inarudi.

Raya alihamia huku Machi, kwa kazi ya hospitali.
Bi Mgeni anaamini tulihama sote.
Mchukue tu, Raya aliniandikia juzi,
usimwambie kitu, nitasema mwenyewe.
Sikumwambia kitu.
Nilikuwa nimeandika anwani kwenye simu, basi,
namba ya nyumba na msimbo wa posta,
kama mtu wa kupeleka vifurushi.

"Mtu haulizi njia ya kwake," akasema,
si kwa ukali. Kama anayehesabu chenji
akakuta imepungua.

"Geuza gari inapowezekana," simu ikasema.
"Na wewe nyamaza," Bi Mgeni akaijibu,
"mwache aendeshe."

Namba arubaini na moja, mlango wa kijani.
"Umefika. Unakokwenda ni upande wa kulia."
Raya alitoka amevaa ndala zangu.
Waliokumbatiana pale uani ni wawili,
mimi nilikuwa nashusha begi, na begi zito
ni kazi nzuri, linampa mtu pa kutazama.
Hakuna aliyeniambia ingia. Hakuna aliyeniambia nenda.
Bi Mgeni alinishika kiwiko, akakiminya,
kama anayepima embe, akaingia ndani.

Nilipokaa kwenye usukani nikasikia harufu.
Soksi moja ya karafuu, kiti cha nyuma,
imefungwa fundo, imefungiwa mkanda wa usalama.

Nikaizima simu.
Pale kwenye kipilefti nikasubiri,
likaja basi la ghorofa, sikusoma linakwenda wapi.
Likaingia kinyume, likapinda, likatoka.
Nami nyuma yake.